Bahasha Nene, Bahasha Nyembamba

Jumatatu, 11 Machi 1996

Boston wamekataa.

Tessa kaisoma barua mlangoni, koti bado mwilini, theluji ya buti ikiyeyuka juu ya zulia langu. Kaisoma mara moja tu, kaikunja. "Waungwana hawa, Mama. Wamenikataa kwa adabu mpaka nimetaka kuwashukuru." Kisha kafungua friji, kala soseji mbili baridi, kasimama vilevile.

Walt karudi jioni kutoka kutengeneza mitambo ya kupasha joto nyumba za watu. Kaishika barua, kalamba kidole gumba, kaisugua ile sahihi. Wino haukutoka.

"Muhuri!" kasema. "Hata kalamu hawakushika. Mtu akimkataa binti yangu, na ashike kalamu!"

Tessa kacheka. Mimi nikaenda kumenya viazi. Vingi mno — tumekula mpaka tumechoka.

Vimebaki vyuo vitano.

Jumatano, 20 Machi

Chicago, hapana. Philadelphia, hapana. Siku moja!

Bwana Mulvaney, mleta barua wetu, siku hizi haniangalii usoni. "Pole, Bi Noreen. Nyembamba tena. Mbili." Nikamwambia analipwa kuleta barua, si kuzipima uzito. Akasema miaka ishirini na sita kazini, mkono wenyewe unajua: ya kukubaliwa ni nene, ina fomu ndani, ya kukataliwa ni karatasi moja.

Tessa kazibandika zote tatu kwenye friji kwa sumaku. Anasema ndiyo makombe yake. Walt kaandaa mashindano: nani kakataa vizuri zaidi? Philadelphia wameshinda, wamesema "kwa masikitiko makubwa" mara mbili. Boston wameshika mkia kwa sababu ya muhuri.

Wifi yangu Rhonda, dada yake Walt, kapiga simu. Mwanawe Derrick kakubaliwa kote alikoomba. Vyuo saba. "Hatujui hata tuchague kipi, wifi yangu. Ni mateso!" Nikamwambia nitawaombea.

Ijumaa, 22 Machi

Samaki wa kukaanga ukumbini kanisani, kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Tessa alikuwa zamu ya kugawa kabichi. Kosa letu! Kila aliyepita na sahani yake: "Haya mwanangu, Septemba unakwenda wapi?"

Wa kwanza kajibiwa kwa heshima. Wa pili pia. Wa tano kaambiwa, "Jikoni, bibi, kuongeza kabichi."

Rhonda kaja kavaa fulana ya chuo kimoja, kofia ya kingine. Derrick nyuma yake, mtoto wa watu, uso umemwiva kama nyanya.

Ndani ya gari Walt kampa Tessa kipande chake cha keki. Kakikataa. Hapo nikajua ni mambo makubwa.

Jumatatu, 25 Machi

Ngoja niliandike hili, maana nimemwambia Daktari Feeney, bosi wangu, peke yake, na yeye ni daktari wa meno, kazoea watu wasioweza kujibu.

Januari nami nimeomba chuo.

Chuo cha hapa hapa mjini. Ualimu. Miaka arobaini na sita! Niliacha mwaka wa kwanza baba alipopooza, nikasema nitarudi vuli ijayo. Vuli ishirini na sita zimepita. Fomu nimeijaza mapokezini kazini, kati ya mgonjwa na mgonjwa. "Eleza kwa nini unataka kuwa mwalimu." Nimeandika ukurasa na nusu huku ndani mtu aking'olewa gego.

Ubaya ni mmoja. Tessa kaomba chuo hicho hicho, uuguzi. Ndicho chuo chake cha akiba. "Pale hawamkatai mtu, Mama. Pale wanakubali hata paka."

Sikumwambia. Nilisema wakinikataa hakuna atakayejua. Wakinikubali, na yeye yuko mbali Boston, tutacheka kwa simu.

Jumamosi, 30 Machi

Cleveland, hapana. Pittsburgh wamemweka kwenye orodha ya kungoja.

"Maana yake nini hasa?" kauliza Walt.

"Maana yake wananipenda, Baba, ila wanangoja kwanza waone kama watampata mzuri zaidi."

"Aa. Kama mama yako na mimi."

Nikamtupia kitambaa cha vyombo. Tessa kacheka kweli kweli, mara ya kwanza tangu Chicago. Kisha kasema, taratibu, anatazama dirishani: "Basi, bado kuna hiki cha hapa. Si kibaya. Nitalala nyumbani."

Nikaenda bafuni nikafungulia maji.

Jumanne, 2 Aprili

Zimekuja. Zote mbili, siku moja, muhuri mmoja wa chuo. Moja nene, moja nyembamba. Bwana Mulvaney kasita. "Bi Noreen… ile nene ina jina lako."

Najua, nikasema. Asante.

Ya Tessa nimeifungua. Ndiyo, barua ya mtu! Nafasi za uuguzi zimejaa, mwaka huu waombaji wamekuwa wengi kupita kiasi, wanamtakia heri. Yangu imeanza na "Hongera!" yenye alama ya mshangao.

Nimezitia zote mbili kwenye mkoba wa kazini, chini ya koti jeupe. Tessa karudi kutoka shule, kakimbilia sanduku la barua. "Hakuna kitu?"

"Bili ya gesi," nikasema.

Jumatano, 3 Aprili

Bado ziko mkobani. Akili haipo: leo nimemwambia mgonjwa akate tiketi, kama wa basi, badala ya kupanga siku.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemwambia Walt, gereji, akiwa chini ya gari. Miguu tu naiona. Kisha ile miguu ikaanza kutikisika. Anacheka!

"Wamemkataa mtoto wakamchukua mama! Noreen, uliandika nini humo?"

"Nyamaza, atasikia."

Akatoka chini ya gari, grisi shavuni. Hakucheka tena. Kasema hongera. Kaisema vizuri, kanishika mkono na grisi yake yote. Halafu kasema mwambie leo, mke wangu, usilaze jambo hili.

Nikasema kesho. Kesho ni Ijumaa Kuu, siku ya huzuni, haitaonekana sana.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Mulvaney! Mulvaney na mdomo wake!

Nilikuwa juu natafuta soksi nyeusi. Nikamsikia barazani: "Na mama yako kaipokeaje bahasha ile nene? Furaha, eh?"

Nilipofika chini Tessa kashika mkoba wangu. Hakuhitaji kutafuta sana. Kaisoma ya kwangu kwanza. Yote, mpaka maelezo ya kuegesha magari. Kisha ya kwake, iliyokwisha kufunguliwa.

"Siku nne," kasema.

"Tatu, mwanangu, na…"

"Nimekimbilia lile sanduku kila siku, Mama! Umesimama pale dirishani ukinitazama. Bili ya gesi!"

Nikasema nilitaka kumlinda. Akasema si yeye niliyemlinda, nilijilinda mimi nisiuone uso wake. Kapanda ngazi. Hakuupiga mlango. Afadhali angeupiga.

Kanisani kakaa upande wa pili wa baba yake.

Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili

Siku mbili za "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama." Adabu tupu. Kama barua ya Boston.

Rhonda na Derrick wamekuja kula. Nyama ya nguruwe, mayai ya rangi, figili kali ya bibi yao Walt inayowatoa watu machozi. Nilishukuru kuwa na sababu ya machozi. Rhonda kahesabu vyuo tena. Kisha kageuka: "Na hapa kwenu? Kuna habari?"

Nikashika bakuli la mayai.

"Ipo," kasema Tessa. "Mama amekubaliwa chuo."

Uma wa Rhonda ukasimama njiani. Kauliza mama gani.

"Huyu," kasema Walt. "Kakubaliwa kote alikoomba, dada. Kimoja kwa kimoja. Hatuna hata mateso ya kuchagua."

Derrick kacheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Halafu, peke yake, kanyanyua glasi: "Hongera, Mama Tessa." Mtoto mzuri yule. Nimekuwa nikimnunia bure.

Tessa hakunitazama. Lakini figili kanipitishia.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwambia Walt mwaka huu siendi. Si haki. Nitasubiri mpaka Tessa ajue anakwenda wapi.

Tessa alikuwa kwenye ngazi. Tabia ya kusikiliza sijui kairithi wapi.

"Usinifanye kisingizio," kasema.

"Si kisingizio, mwanangu."

"Ni kisingizio. Mwaka kesho utasema Baba ana mgongo. Mwaka ule mwingine utasema Daktari Feeney hawezi bila wewe." Kakaa ngazi ya chini kabisa, magoti yamekutana na kidevu, kama alipokuwa wa miaka sita. "Mimi nimekasirika, Mama. Sijamaliza kukasirika. Lakini nimekasirikia bili ya gesi. Sikukasirikia chuo."

Nikamuuliza, na wewe?

Kasema hajui. Pittsburgh hawajasema kitu. Labda afanye kazi mwaka mmoja nyumba ya wazee, aombe tena. Labda alie kwanza wiki moja. "Nimepanga nianze Jumatatu," kasema.

Kadi yangu ya kukubali nafasi ilikuwa juu ya friji. Sasa haipo. Walt anasema hajui. Hodari wa kila kitu yule, ila kudanganya.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nikiwa kwenye ukumbi wa chuo, mapumziko, safu ya nyuma. Siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Sikutaka kuja. Tessa ndiye kaendesha gari. Kasema akiniachia usukani nitaishia dukani.

Mlangoni meza mbili: wanafunzi huku, wazazi kule. Dada wa mezani, mkunjufu, kamtolea Tessa kibandiko cha mwanafunzi. "Karibu, mpenzi! Mama ataelekea upande ule."

Nilitaka sakafu ipasuke. Mahali pale pale walipomkataa! Nikafungua mdomo niseme tunaondoka.

"Mwanafunzi ni huyu," kasema Tessa. Sauti ilimtetemeka kidogo, mimi tu ndiye ningeisikia. "Mimi nimemleta." Kachukua kalamu, kibandiko cha wazazi, kaandika TESSA, kakibandika kifuani. Kisha kaniwekea changu, kanisawazisha kola. "Usikae nyuma. Na usiogope kuuliza."

Nimekaa nyuma. Kulia kwangu kijana mwenye hereni, kushoto binti anayetafuna ubani. Kaniuliza kama mimi ndiye mhadhiri. Nikamwambia bado.

Chumba cha wazazi kiko ng'ambo ya korido, mlango wa kioo. Mada yao imeandikwa ubaoni: Jinsi ya Kumwachia Mwanao Aende Zake. Mababa wote wamekunja mikono. Tessa yuko safu ya mbele. Anaandika! Anatikisa kichwa kama mtu mwenye watoto watano.

Sasa kanyoosha mkono. Kasimama. Anasema jambo, simsikii. Anafuta jicho kwa mkono wa sweta. Mama mmoja kamshika bega. Sasa wanacheka — kachekesha watu yule! — na sasa ananinyooshea kidole, mimi, kupitia kioo, na chumba kizima kimegeuka. Mababa na mama, wote. Wananipungia mikono.

Ubani umesimama kutafunwa. "Unawajua wale?" ananiuliza binti huyu.

Mungu wangu. Wamesimama —