Pete Katikati ya Wimbo Wangu

Ijumaa, 8 Machi

Wameniharibia! Naandika na viatu vya jukwaani bado miguuni.

Miaka miwili nimeipigia bendi yetu kinanda nyuma ya mgongo wa Chiriku. Yeye anaimba, anashangiliwa, mimi nabeba nyaya. Leo ilikuwa zamu yangu. Wimbo mmoja tu, nimeutunga mwenyewe, nauimba mwenyewe. Na Baba alikuwepo! Baba, msimamizi wa ghala, ambaye haombi ruhusa kazini hata akiwa na homa. Tulipatana: anisikilize mara moja, kisha aamue kama nabaki kwenye muziki au nahamia uhasibu.

Ubeti wa kwanza ulipita salama. Ukumbi mzima kimya. Navuta pumzi niingie kwenye kiitikio — mara mchumba wa Chiriku huyo, karuka jukwaani na shati la kung'aa, kaninyang'anya maikrofoni, kapiga goti. Pete! Ukumbi ukalipuka. Watu wakapanda na simu zao. Chiriku analia, anacheka, analia tena. Mimi nimekaa, vidole juu ya kinanda, kama mjinga. Mlinzi wa ukumbi akasema muda umekwisha, akazima taa.

Baba alinisubiri mlangoni. Akasema nawabebea wenzangu vyombo vizuri. Nawabebea! Akauliza yule binti wa pete ni nani, maana ana sauti. Halafu: muhula ujao uhasibu, na tusibishane.

Jumamosi, 9 Machi

Video imesambaa. Kila ninayekutana naye ananionyesha. Humo mimi ni kiwiko tu, upande wa kushoto.

Jumatano, 13 Machi

Walipanga! Walijua wote!

Ngurumo, mpiga ngoma wetu, karopoka leo mazoezini. Anajisifu jinsi alivyozichapa ngoma zake pete ilipotoka. Nikamuuliza, ulijuaje inatoka saa ile? Akajikuna shingo, akasema yote. Kumbe Chiriku mwenyewe ndiye aliyechagua wakati. Na kwa nini wimbo wangu? Kwa sababu ni wa taratibu. Nyimbo zake yeye zina kelele, pete isingeonekana.

Nikamfuata Chiriku palepale. Hakukana. Kanishika mikono yote miwili, eti nisichukie jamani, nitaimba siku nyingine, siku si ziko nyingi? Sikumwambia habari ya Baba. Baadaye nikasikia Ngurumo, aliyemsikia Baba mlangoni siku ile, anamwambia.

Nikatabasamu. Nikamwambia yameisha. Yameisha wapi!

Jumapili, 17 Machi

Nimepata! Ni kitu kidogo mno, nacheka peke yangu chumbani.

Kinanda changu kina kitufe cha kupandisha au kushusha wimbo mzima. Vidole vinapiga palepale, sauti inatoka juu zaidi au chini zaidi. Sasa, ule wimbo mkubwa wa Chiriku, ule wa kumbebesha maua — haufikii, uko juu mno kwake. Hajawahi kuufikia! Kila onyesho namshushia hatua tatu na hakuna anayejua ila yeye na mimi. Ngurumo ana ngoma zake tu, hizo hazijali juu wala chini.

Ijumaa onyesho linarudiwa, watu wameomba. Badala ya kushusha tatu, nitapandisha nne. Ubeti wenyewe ni wa chini, hatashtuka. Kiitikio ndicho kitakachomkaba. Mbele ya simu zote zile! Acha naye aonje kukatwa katikati.

Alhamisi, 21 Machi

Chiriku anakohoa. Kaniomba, Ngurumo akisikia, kesho nimshushie zaidi kidogo, koo linamuuma. Nikamwambia asijali, nitampangia mwenyewe.

Kaniamini. Vizuri.

Ijumaa, 22 Machi

Nyuma ya pazia. Naandika mbiombio, wanadhani napitia maneno ya wimbo.

Imekubali. Loo, ilivyokubali! Ubeti ulipita. Kwenye kiitikio sauti ikampasuka. Akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha mstari mzima, kisha simu juu. Mimi nikapiga mpaka mwisho. Nilisikia raha, sitadanganya.

Halafu akageuka kunitazama. Nikajua sasa ananitaja. Kumbe kashika maikrofoni, na kisauti chake cha kukwaruza kawaambia watu sauti imemwishia, lakini wasiondoke. Wimbo uliokatwa siku ile utaimbwa wote leo, na aliyeukata ni yeye. Akasema baba wa mtunzi yuko mstari wa mbele, yeye mwenyewe kampigia simu, kambembeleza mpaka akakubali. Nikatazama. Baba! Na shati lake la kazini!

Sasa Chiriku amekaa hapa kwenye sanduku la spika, kikombe cha maji ya moto mkononi, machozi yanamtiririka. Anasema kosa ni lake, amejilazimisha kuimba na koo bovu. "Nenda, mwenzangu," ananiambia. "Mimi niache. Baba yako anakungoja." Kachukua leso yake, kanifuta jasho usoni. Ningependa bado nimchukie. Nilikuwa namchukia vizuri tu, dakika chache zilizopita.

Nje wanapiga makofi, wananiita. Baba kasimama naye anapiga. Kinanda kiko pale katikati ya taa na kitufe sijakirudisha. Skrini inaonyesha jumlisha nne, tarakimu nyekundu, kubwa. Ngurumo ameenda kunisogezea maikrofoni. Namwona kwenye upenyo wa pazia. Ameinama. Anasoma.

Amenyanyua kichwa, anakuja huku. Chiriku kaweka mkono begani kwangu, anamuuliza Ngurumo, kuna nini?