Pampu Chunguni, Mama Mkwe Majini

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua ilinyesha alfajiri, ikaacha. Sasa ziwa limetulia na milima ya Burundi inaonekana wazi, kama mtu ameipangusa.

Bwana asifiwe, weye unayesoma. Uko salama? Nyumbani wameamkaje? Na sukari yako, kama uko nayo kama mimi, leo imekutendeaje? Huku kwetu Uvira tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Miguu yangu ingali na mchanga kati ya vidole na sina haraka ya kuinawa.

Acha nianze na aibu yangu, furaha itafuata.

Nina kisukari tangu nikiwa msichana. Miaka mingi nilijidunga sindano. Mwaka jana mdogo wangu aliye Ubelgiji aliniletea pampu ya insulini, na munganga wangu wa hospitali, kule Bujumbura, akanifundisha kuitumia. Ni kamashini kadogo, kanakaa kiunoni. Kamrija kembamba kanatoka humo mpaka kwenye kiplastiki nilichobandika tumboni, na dawa inaingia kidogo kidogo, usiku na mchana. Kamenipa uzima. Ila hii yangu haipaswi kuingia majini. Nikienda ziwani nachomoa mrija, kile kiplastiki kinabaki tumboni na kifuniko chake. Munganga alisema: isipite saa moja.

Kanisani kwetu mimi ni shemasi. Siku ya ubatizo kazi yangu ilikuwa kusimama ziwani, maji kiunoni, na kuwashika wanawake mkono mpaka kwa mchungaji. Tangu nipate pampu sikuingia tena. Nilisema nina kikohozi. Mara mbili nilisema hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa wenzangu wauone mrija. Mama mmoja aliwahi kuuona tulipokuwa tunabadilisha nguo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni hirizi.

Nilifunga kitenge changu, nikatoka.

Sasa kuna mama mkwe wangu. Alizaliwa Bijombo, kule juu kwenye ng'ombe na baridi. Maji anayoyajua ni ya kijito, unaruka na safari inaendelea. Ameishi kwangu miaka sita, ziwa analiona kutoka mlangoni, na hajawahi kulowesha goti. Ubatizo anautaka kwa moyo wote, lakini kila mara akifika ufukoni anarudi. Safari hii aliniambia, "Mama Furaha, minye nitaingia kama mukono unaonishika ni wako. Kama si weye, muniache hivi hivi, Mungu ananijua."

Basi nikaanza mazoezi. Wiki tatu, kila asubuhi, mimi na rafiki yangu Mama Riziki tulishuka pale wavuvi wanapoanika ndagala, kwa sababu wao ndio wanaojua viboko wameamkia wapi. Napima sukari. Nachomoa mrija. Pampu tunaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, inalala kwenye chungu kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kivulini, maana joto linaharibu dawa. Kisha natembea majini, naogelea kidogo kama chura. Mama Riziki anabaki ufukoni na saa yake na ndizi mbili, kama sukari itashuka. Dakika arobaini zikifika anapiga makofi. Siku moja nilijifanya sikusikia. Akasema, "Mama Furaha, kuogelea sijui, lakini fimbo iko, na mukono wangu ni murefu."

Nikatoka.

Niliona nimejiandaa. Kumbe.

Kwetu mashemasi wanawake tunavaa kanzu nyeupe pamoja, nyumbani kwa dada mmoja huko Kimanga, halafu tunateremka kwa maandamano tukiimba. Leo, katikati ya wenzangu chumbani, aibu ikanishika. Badala ya kungoja mpaka ukingoni, nilisimama nyuma ya pazia, nikachomoa pampu pale pale na kuitia chunguni, Mama Riziki akakibeba. Nilisahau jambo ambalo kila mtu wa kanisa letu analijua: maandamano hayana haraka, korali haina wimbo mfupi, na mchungaji wetu akiona umati ufukoni anahubiri mara mbili.

Mama Riziki alipokuja kuninong'oneza, ilikuwa imepita saa nzima na dakika ishirini. Nami sikuwa nimelowesha hata kidole. Koo limekauka, kichwa kizito. Nikajitoboa kidole nyuma ya mtumbwi. Mia mbili na tisini, sukari imepanda mno.

Kwa sababu wazee ndio wanaoanza, wa kwanza kwenye orodha alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesimama, ananitafuta kwa macho.

Nakuambia ukweli, nilifikiri kuingia hivyo hivyo. Lakini nikiyumba naye mkononi, huyu mama hatagusa maji tena mpaka kaburini.

Nikamwendea mchungaji mbele ya watu wote. Nikamwambia nina pampu ya kisukari, nimekosea saa, naomba mama yangu awe wa mwisho.

Akauliza, "Na kile kikohozi?"

"Mchungaji, kikohozi hakikuwepo."

Akanionyesha bido, dumu tupu la maji. "Kaa, mama. Ziwa haliondoki."

Nikakaa juu ya bido, nikachomeka mrija, nikabonyeza dawa kama nilivyofundishwa. Pampu ikakaa juu ya kanzu nyeupe, peupe kabisa. Minong'ono ikaanza. Ndipo mama mkwe, yule mwoga wa maji, akaja akasimama mbele yangu kama ukuta.

"Munaangalia nini? Hii ni dawa ya munganga, si hirizi ya mufumu. Muzee shemasi pale iko na miwani, nani alimuuliza?"

Watu wakacheka. Muzee mwenyewe akavua miwani yake, akaipangusa, akairudisha. Na yule mama wa hirizi akaja kuchuchumaa karibu yangu. Mtoto wa dada yake, huko Luvungi, ana kisukari. Alitaka kujua kama ule mrija unauma.

Wakabatizwa kumi na mmoja. Nikapima tena: mia mbili na kumi, inateremka. Nikachomoa mrija, Mama Riziki akatazama saa, tukaingia.

Maji yalipofika kiunoni, mama mkwe alinibana mpaka kucha zake zikaacha alama. Bado naziona hapa ninapoandika. Mchungaji akamzamisha, akamwinua. Hakulia, hakuimba. Alisimama akichuruzika maji, kisha akasema polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Kumbe maji inabebaka mutu."

Halafu hakutaka kutoka. Mchungaji amekwisha fika ufukoni, korali imemaliza, sisi bado tumo. Anainua mguu mmoja, anauacha uelee, anacheka. Mama Riziki akaanza kupiga makofi. Zilikuwa dakika kumi na nane tu. Nafikiri alikuwa na njaa.

Nimerudi nyumbani na pampu nje ya kitenge, na sukari yangu imekaa vizuri tangu mchana. Ile ya kikohozi nitaiungama mbele ya mashemasi wenzangu. Najiuliza tu: kwa nini nilificha mwaka mzima kitu nilichokiomba kwa magoti?

Sasa, ndugu yangu unayesoma, nina neno kwako. Mama mkwe anasema maji yamelipumzisha goti lake, na kesho tunashuka ziwani wote wawili. Anataka kuelea. Huyu akiingia hatoki, na mimi nina saa moja tu. Kama unavaa pampu, au unamjua anayeivaa, niandikie: munakaa majini muda gani, mashini munaitunza vipi na joto hili, munakula nini kabla? Naomba unijibu upesi. Kitenge cha kuogea amekwisha kitundika mlangoni.