Harusi Tuliyoizua Bofu

Dada yangu Mwanaidi,

Jumapili iliyopita nilisema uongo mbele ya uwanja mzima wa wanawake, na uongo wenyewe ulikuhusu wewe. Kwa hiyo barua hii sitaifunga kwenye bahasha tu. Nakala moja inakuja kwako Muskati. Nyingine nimempa katibu wa kikundi chetu cha wanawake aisome kwa sauti kikao kijacho, mbele ya wale wale waliocheka. Utanisamehe kama hupendi watu kusikia mambo yetu. Mimi aibu yangu nimeificha miaka minane, na sasa imenichosha.

Mwanzo wake waujua kuliko mimi, lakini watakaosikiliza hawaujui, basi nivumilie.

Ilikuwa mwaka ule wa mwisho kabla ya vyama vingi kuruhusiwa, wakati watu watatu wakisimama penye kona walitazamana kwanza ndipo waamkiane. Mama na wenzake wa kikundi walikuwa wametia kichwani jambo ambalo Likoni haikuwa imepata kuliona: siku nzima ya wanawake, yenye ngoma ya vugo na nyimbo, picha zilizochorwa na wanawake, na mafunzo. Mkunga angefundisha mambo ya uzazi. Mwalimu Salma angetoka Kisauni kuja kufundisha haki za mwanamke katika ndoa. Na wewe, dada, ungetundika picha zako.

Zile picha. Kwa miezi ulikuwa ukichora juu ya vitambaa vya marekani kwa piko na hina, vitu ambavyo wenzako walivitia mikononi na miguuni tu. Mwanamke anayechota maji. Mwanamke anayesoma gazeti, mtoto mgongoni. Na yule wa mwisho, mkubwa kuliko wote, uso tu na kinywa wazi. Nilikuuliza kama anaimba au analia. Ukasema, "We mwangalie tu, Zuena, atakwambia mwenyewe." Nilikuona wajidai. Siku hizi namwangalia kila asubuhi na bado hajaniambia.

Leseni ya mkusanyiko ndiyo iliyotushinda. Mama alikwenda afisini mara tatu, amevaa buibui lake zuri. Mara ya mwisho karani alimuuliza, "Wanawake wote hao mkusanyike muongee nini?" Mama akasema ni ngoma na mafunzo ya nyumbani. Karani akamjibu kwamba mafunzo ya nyumbani yafanywe nyumbani, na atakayekusanya watu bila leseni atalala ndani. Mama alirudi akakaa barazani bila kuvua viatu. Wenzake wakakaa pamoja naye. Kisha Mama akasema kwa sauti ndogo, "Harusi haina leseni."

Hivyo ndivyo tulivyoizua. Siku hiyo wewe ulikuwa umevuka kwenda mjini kununua rangi. Uliporudi tulishamaliza kila kitu: harusi ya wanawake watupu, uani kwetu, Jumapili baada ya adhuhuri, na bi harusi ni wewe. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Nikae kitako nipambwe? Kazi hiyo naiweza," ukasema. "Tena bwana harusi hayupo. Ndoa tamu hiyo." Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote, na sababu yake nitaisema mwishoni.

Kaka Athumani hatukumwambia. Tangu Baba afariki yeye ndiye aliyekuwa walii wetu, mwenye haki ya kutuoza, na Mama alijua akisikia habari za mafunzo atakataza. Yeye alikuwa akifanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, akiishi Port Reitz, na kwetu Bofu alikuja mwisho wa mwezi tu. Tulidhani harusi yetu itakuwa imekwisha na vyombo vimeoshwa kabla hajafika.

Tulimsahau Bi Rehema. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kualika watu harusini, na hakuwahi kualika nusu. Mama alimwambia ahakikishe mtaa mzima umesikia, ili hata chifu asikie. Hakumwambia aishie wapi. Bi Rehema aliimaliza Bofu, akaimaliza Likoni, akavuka feri akaenda hadi Port Reitz kwa jamaa za marehemu Baba. Asubuhi ya Jumapili ile Kaka alipewa hongera kazini kwa harusi ya dada yake mwenyewe.

Nyinyi mtakaosikiliza, wengi mlikuwapo, mwajua ua ule ulivyojaa. Waislamu kwa Wakristo, Wadigo, Wagiriama, akina mama wa bara waliokuja na viti vyao. Pembe za vugo zilipigwa mpaka kuku wa jirani wakapanda juu ya paa. Picha zako, dada, zilining'inia kuzunguka ua mzima, na wewe ulikuwa katikati, juu ya kiti kilichoinuliwa, umefunikwa leso nyekundu, hina mbichi mikononi.

Kisha Mwalimu Salma akasimama. Alisema msichana akikaribia kuozwa huulizwa kama ameridhika, na akinyamaza watu husema kimya chake ndicho jibu. "Basi leo twajifunza neno moja," akasema. "Kila mtu aseme 'Sitaki'. Hata kama umeolewa miaka thelathini. Sema tu, ulimi uzoee." Wanawake walianza kwa kuficha midomo. Bi Rehema alisema kama anayeomba chumvi. Lakini likazunguka, mmoja baada ya mwingine, mpaka likawa kelele. Nililisema na mimi, na nilijisikia mrefu.

Wewe uliinua leso ukataka kusema lako, na mama mmoja akakuvuta mkono huku akicheka. "Wewe la, mwanangu. Bi harusi hasemi." Ukaishusha leso. Uani kote wewe peke yako ndiwe ambaye hukulisema.

Askari wawili waliingia tukiwa katikati ya kelele hizo. Mmoja wetu aliwaona mapema akapiga kigelegele cha kuonya, na akina mama wakageuza picha zako uso ukutani, zikawa mapazia meupe. Mama aliwakabili penye mlango wa ua. Namkumbuka mgongo wake, jinsi ulivyonyooka.

"Hapa n'ndani, baba. Wanawake wako vichwa wazi."

"Mama, sisi tumetumwa tu. Tumeskia kuna mkutano hapa. Hawa wanasema hawataki nini?"

"N'wimbo. Wimbo wa harusi."

Mkubwa wao alitazama huku na huku. Akamwona Mwalimu Salma na daftari lake. Akaona mapazia bila dirisha. Akaja mpaka mbele ya kiti chako. "Wewe ndio unaolewa?" Hukujibu. "Mbona haongei?" Mama akasema bi harusi wa kwetu hasemi. Akakuuliza tena, kwa ukali, akitaja kituo cha polisi. Hina ilidondoka juu ya leso, wala hukufungua mdomo. Ungesema neno moja tu, sauti ingekusaliti, na Mama angepakiwa garini na wenzake wote. Nilikuwa karibu nawe kiasi cha kukugusa, na niliogopa hata kuvuta pumzi.

Ndipo Kaka akaingia, bado amevaa sare za kazi. Alikuwa amekuja kutugombeza, uso ulionyesha. Askari akamuuliza yeye ni nani.

"Mwenye nyumba. Huyu ni mama yangu, hawa ni dada zangu."

"Hii ni harusi ama ni mkutano?"

Kaka alimtazama Mama. Nadhani hakuwahi kumwona akiwa na hofu kabla ya siku hiyo. Alitazama mapazia, akatazama kiti, na nikaona amekwisha kuelewa kila kitu.

"Ni harusi," akasema. "Namuoza dada yangu."

"Anaolewa na nani?"

"Na mtu aliyeko Muskati. Hayupo. Ndoa itafungwa kwa wakili, mtu wa kusimama mahali pake."

Askari walipewa pilau, wakala kwa adabu, wakaenda zao. Tulikumbatiana, tukalia, tukapiga vugo upya. Mwalimu Salma aliwageuza wale wanawake wako wa vitambaani watazame tena mbele, akasimama muda mrefu kwa yule mwenye kinywa wazi, akakwambia, "Njoo Jumatatu, uje na hizi. Twatafuta mtu wa kufundisha wasichana kuchora." Uliponiambia ulikuwa bado na leso ya bi harusi, na ulinishika kwa mikono yenye hina ukaharibu gauni langu. Nilikukasirikia kwa ajili ya gauni.

Jumatatu hukwenda. Kaka alikuwa amelala kwetu, na asubuhi alikaa mlangoni. Hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke. "Nimesema mbele ya serikali na mbele ya mtaa," akamwambia Mama. "Mwataka niwe muongo? Mwataka waje tena waulize bwana harusi yuko wapi?" Mama alisema ulikuwa mchezo. Kaka akamjibu, "Kama ni mchezo, ungenambia mapema, Mama."

Na watu waliuliza kweli. Sokoni, kisimani, kwenye feri: ndoa lini? Yule chifu naye alituma salamu. Kila aliyeuliza alimkaza Kaka fundo moja zaidi. Kabla miezi miwili haijaisha alimpata mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye jamaa Changamwe, mtu wa makamo aliyefanya kazi Muskati kweli. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo kwa sababu nimejifariji nalo sana.

Siku ya ndoa Kaka alisimama nyuma ya pazia la chumba chetu na mashahidi wawili. Wewe ulikaa kitandani, mimi ubavuni pako, nimekushika mkono. Akauliza, "Mwanaidi binti Omari, umeridhika nikuoze?" Ulinigeukia. Neno tulilijua sote, tulikuwa tumejifunza uani kwa sauti, mimi nikiwamo. Nililiona machoni mwako likitafuta mtu wa kulianzisha. Niliinamisha kichwa nikaitazama mikeka.

Akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu. Shahidi mmoja akasema, "Amenyamaza. Ameridhika." Vigelegele vikapigwa nyumba nzima, nami nikapiga.

Sasa nije kwa Jumapili iliyopita. Siku hizi leseni haitakiwi, kutoa taarifa kunatosha, na tamasha letu lafanywa hadharani kwenye uwanja wa shule, na vipaza sauti. Askari waliokuja walikuja kuelekeza magari. Niliitwa jukwaani nisimulie jinsi tulivyoichezea serikali mwaka ule. Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na naisimulia vizuri: Bi Rehema anavyovuka feri, askari wanavyokula pilau. Huishia hapo. Watu walicheka wakashikana mabega.

Msichana mmoja wa shule akanyoosha mkono. "Na yule bi harusi wa uongo ikawaje?"

Nikasema, "Aliolewa, Mungu akampa riziki yake." Uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Nyuma yangu, dada, palikuwa pametundikwa ile picha yako ya kinywa wazi. Ndiyo iliyobaki peke yake. Walikuwa wamenipigia vigelegele mimi, na picha haikuwa hata na jina lako. Nilishuka jukwaani nikaenda nyuma ya madarasa, nikakaa huko mpaka viti vikakusanywa.

Sikiliza basi jambo usilolijua. Siku ile ulipokwenda kununua rangi, Mama hakukutaja wewe. Alinitaja mimi. Alisema, "Zuena atakaa kitini, Mwanaidi ana picha zake za kueleza watu." Nilikuwa kidato cha nne. Niliogopa wenzangu wa shule watasikia naolewa, wanicheke. Kwa hiyo nikasema, "Mama, nani ataamini? Mdogo aolewe na mkubwa yuko nyumbani?" Kila mtu barazani akasema ni kweli, desturi haikubali. Tena nilikimbia mwenyewe mpaka kwa Bi Rehema kumpelekea jina lako, Mama asije akabadili nia. Kama ningekaa kitini mimi, ungesimama mbele ya picha zako na kusema lile neno pamoja na wenzako. Kisha Jumatatu ungekwenda Kisauni. Wenzake Mama hawakukwambia, naye Mama amekufa na siri hii, na kwenye mazishi, ulipokosa kuja, watu walinipa pole yako pamoja na yangu.

Kila Idi wapiga simu kwa jirani, wasema hujambo, alhamdulillahi, waniuliza kama leso zimefika. Zafika, dada. Ni nzuri. Nazifungia sandukuni.

Nimeandika jina lako chini ya picha, kwa piko, herufi kubwa. Ukiitaka nitaileta mwenyewe. Ukitaka kunitukana, piga simu hata si Idi. Nimekuomba radhi humu mbele ya watu kwa sababu mbele ya watu ndiko nilikokuuza. Kama huna la kunijibu, usijibu.

Ila ukinyamaza, sitasema umeridhika.

Mdogo wako,
Zuena