Kichuguu Ulichonipa kwa Kunong'ona

Kukhu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na nikilia sitaandika. Shuleni tumefundishwa kwamba barua ya Kiswahili huanza na hali ya mwandishi, na ya Kiingereza huanza na hali ya hewa. Mimi sijambo. Mvua imenyesha. Basi, hayo yamekwisha.

Nimekukasirikia kwa sababu ya kichuguu.

Kila mvua za kwanza ulitukusanya wajukuu wako wote, sisi na watoto wa Baba Mdogo Simiyu, tukatoka hapa Misikhu asubuhi na umande wake. Hukuruhusu mtu mzima mwingine. Ulisema watu wazima wanakanyaga uyoga. Tulipita msituni kando ya mto, wewe mbele na fimbo yako iliyong'aa pale pa kushika, wadogo wakining'inia kwenye gauni lako. Penye miti mikubwa ulitunyamazisha, tukasikia nyani wakigombana huko juu. "Sikilizeni," ukasema, "wale nao wanagawana shamba." Tulicheka mpaka Nafula akaangusha mapera yake yote.

Kisha miti inakwisha ghafla na nyasi zinaanza, zile za kunifika kwapani, na katikati yake kichuguu chako. Babu alikupa ulipoolewa. Ulikuwa ukijisifu kwamba ndicho kitu pekee katika boma hili ambacho hukukiombea ruhusa. Tunafunika matundu kwa majani ya mgomba, tunagonga ardhi kwa vijiti, mpaka kumbikumbi wadhani mvua imerudi, watoke. Na hakuna anayegonga kabla ya mwenye kichuguu. Hata mtoto anayetambaa kwetu anajua hivyo.

Safari ile ya mwisho ukanipa fimbo. Ukainama, pumzi yako ikinuka mapera, ukaninong'oneza: "Anza wewe, Nekesa. Hiki ni chako sasa, na wewe ni wa hawa wadogo." Nilidhani ni magoti yanakuuma. Nikagonga. Wewe ukakaa chini ukawa unatutazama tu.

Kwa nini ulinong'ona, Kukhu? Si unanijua? Mimi nikitumwa chumvi kwa jirani husimama nje mpaka mtu atoke kwa shughuli zake. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalijua kwa lugha mbili, na ninanyamaza kwa zote mbili. Katika watu wote wa mji huu, ukachagua mdomo wangu.

Ukafa. Tulinyolewa, na nywele zimeota tena. Baba Mdogo Simiyu amerudi kutoka Kitale, kule alikokuwa akimlimia mzungu. Amekuja na plau ya kukokotwa na ng'ombe, na maneno mengi ya mahindi. Ati nyasi zetu zinakula ardhi bure. Ati kule Kitale huwezi kuona kichuguu shambani, wanachimba mpaka kwa malkia wa mchwa, wanamtoa, wanasawazisha, wanapanda. Siku ya kugawa vitu vyako, sufuria, magauni, mbuzi wako yule mkorofi, akasema nyasi atazilima na kichuguu atakivunja, maana mwenyewe tumeshamzika.

Nikasimama. Mimi, Kukhu. Sijui nani aliniinua. Nikasema kichuguu ulinipa mimi.

"Alikupa mbele ya nani?" akauliza Baba Mdogo.

Nikasema mbele ya watoto. Wakacheka. Shangazi akasema kumbe huyu ana sauti, tumtafutie mume, tuone kama kichuguu kinabebwa kichwani kupelekwa ukweni. Wakacheka tena. Baba yangu, kifungua mimba wako, ambaye neno lake moja lingetosha, alikuwa anakagua kofia yake kana kwamba ameinunua siku hiyo. Nilichukua fimbo yako tu. Hakuna aliyeitaka.

Nilimkasirikia Baba, nikamkasirikia Shangazi, lakini wewe zaidi. Ungesema mbele yao, kwa sauti yako ile ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. Uliwaogopa? Au ulikuwa unanipima? Kama ulinipima, ninakuambia, si vizuri kumpima mtu halafu ukafa.

Asubuhi ile Baba Mdogo alipofunga ng'ombe wake kwenye plau, nikashika fimbo yako. Nikakusanya watoto. Tukapita njia ile ile. Nyani walikuwepo, hakuna aliyecheka. Tulipotokeza nyasini, udongo mweusi ulikuwa umeshageuzwa upande mzima, na ng'ombe wanakuja moja kwa moja kwenye kichuguu. Tukafunika matundu. Nikawaambia watoto gongeni. Nilisema kwa nguvu hata mimi nikashtuka.

Hakuna aliyegonga. Walisimama na vijiti vyao hewani, wakinitazama. Baba Mdogo akatupigia kelele tuondoke. Ndipo Nafula, mtoto wake mwenyewe, yule mdogo kabisa, akamweleza taratibu kama mtu anayemfundisha mgeni: "Baba, ngoja. Nekesa hajaanza. Kukhu alimpa fimbo, akaanza yeye, sisi wote tulimwona."

Baba Mdogo akawatazama wanawe wengine. Wakaitikia kwa vichwa. Na yeye, Kukhu, aliwahi kushika gauni lako kwenye njia hii hii. Anajua anayeanza ni nani. Alisimama pale mpaka ng'ombe mmoja akaanza kula nyasi.

"Gonga basi, nione," akasema.

Nikagonga. Halafu watoto wote kwa pamoja, na kumbikumbi wakatoka, wengi, kama hawajui kwamba umekufa. Baba Mdogo akachota kofia tele, akala wabichi bila haya, akageuza ng'ombe. "Nitakizunguka," akasema. "Lakini hizi nyingine nalima."

Na amelima. Usidhani nakuletea habari njema. Nyasi za kwapani zimekwisha, Kukhu. Limebaki duara dogo kuzunguka kichuguu, na njia yetu kutoka msituni inapita kwenye matuta ya mahindi ya mtu. Ungesema mapema, kwa sauti, huenda zingebaki zote. Hilo sijakusamehe.

Mvua za kwanza zikirudi nitawapeleka. Nikiolewa Bumula nitatoka Bumula, nikiolewa Kitale nitatoka Kitale, na watu wazima watabaki nyumbani na kofia zao. Na siku yangu ya kumpa mwingine ikifika, sitainama sikioni mwa mtu. Nitawaita wote, nipande juu ya kichuguu chenyewe, niseme mpaka ng'ambo ya mto wasikie.

Lala, Kukhu. Bado nimekasirika. Fimbo ninayo.

Nekesa wako