Maji ya Kinywa Kifuani kwa Ngala

Golbanti,
Garsen.
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Gladys, Mama Teresia,

Salamu nyingi kutoka mtoni. Habari za Kitale na baridi yake? Kile kifua chako kinachobana asubuhi kimepoa, au bado wafua nguo za watu wote kwa maji baridi na hutaki kusikia la mtu? Na magoti ya shemeji je? Teresia naye ameshazoea shule mpya, au bado analilia ile ya zamani? Mimi ni mzima, nashukuru Mungu, ila usingizi ndio waja na kuondoka utakavyo.

Usishangae kuona karatasi. Kwenye simu nikifika penye jambo lenyewe nalia, nawe walia, mtandao nao wakatika. Hapa nikilia kalamu yaningoja. Herufi zangu za ngumbaru wazijua, nyingine zimelala. Wewe ziinue usome.

Mahindi ya ukingoni tumevuna, ingawa viboko walianza kuvuna kabla yetu. Ndizi ziko. Ile nyumba ya Mama nimeiezeka upya upande mmoja, upande wa pili wangoja makuti.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi huku kwetu kuna wageni. Si watu wa serikali wala wa misaada, ni watu wanaokuja kutembea tu. Ngala wangu na wenzake wamefanya kikundi cha kuwatembeza. Wanawaonyesha makaburi ya wale wamisheni wa zamani, wanawapeleka msitu wa Hewani kutazama mbega wekundu wakirukaruka, kisha wanawapandisha mtumbwi kuwaona viboko, na yangeyange wakirudi jioni kulala mitini. Wakitaka, kesho yake wanashuka nao Kipini kuogelea pale mto unapoingia baharini.

Mwanzoni niliwacheka. Mtu atoke Nairobi aje kumtazama kiboko, na mimi miaka yote nagonga sufuria aniondokee shambani!

Lakini Ngala mwenyewe alikuwa hapandi mtumbwi. Wajua desturi yetu, mtoto haanzi kazi ya majini mpaka mama yake achukue maji kinywani, amtemee kifuani, na amwambie maneno. Ngala aliniomba radhi hiyo tangu mwaka jana. Nikamwambia subiri mafuriko yapite. Yakapita. Nikamwambia subiri tuvune. Tukavuna. Naye ni mtoto wa heshima, hakunivuka. Akawa anatembeza watu kwa miguu, makaburini na msituni, wenzake ndio wenye mitumbwi. Wakamtania, wakamwita nahodha wa vumbi. Alikuwa akicheka nao, lakini mimi mama yake nilijua kicheko kile hakifiki tumboni.

Na wewe wajua kwa nini nilikataa. Ni Kiti, ndugu yetu. Ila kuna lile ambalo sikuwahi kukuambia vizuri, maana ulikuwa umeshaolewa huko, ukaja matangani ukarudi. Mama alimtemea Kiti maji asubuhi ile ile ambayo kiboko aliupindua mtumbwi wake. Mimi ndiye niliyebaki na Mama. Kifo alikilia, wanawe wote angetulilia. Lakini zaidi alililia yale maji. Tukiwa tunachambua mchicha, ananiuliza, "Kadii, nilikosea neno gani?" Tukiwa njiani kwenda kanisani, ananiuliza tena. Mpaka anafariki alikuwa anayarudia maneno yale aliyomwambia Kiti, anatafuta pale alipokosea.

Basi nikajiambia, Ngala sitampa kitu ambacho kesho nitakuja kukichunguza hivyo. Niliona afadhali kunyamaza. Nikinyamaza, hakuna neno la kukosea.

Sasa sikia kilichotokea. Kikundi kilitaka kibao cha kuweka kando ya barabara kuu. Wakampa kazi Kalla, yule mchoraji wa Garsen anayechora milango ya maduka. Kalla akaanza na picha ya kiboko, akamchora mkubwa, mwenye meno, mpaka akaipenda kazi yake mwenyewe akasahau kuna maandishi. Alipokuja kuandika, nafasi imekwisha. Yalitakiwa yawe KARIBUNI MTONI KUPUNGA UPEPO. Akaiacha U. Ngala alipomuuliza, akajibu, "U ni moja tu bwana, watu wataelewa."

Watu wakaelewa kabisa. KARIBUNI MTONI KUPUNGA PEPO. We Gladys, hapa kwetu, na hao waganga na ngoma zao! Kanisani akina mama walinigeukia kama nimefungua kilinge nyumbani kwangu. Vijana nao hawakuwa na msaada, ukiwauliza wanasema, "Kiboko amekula U." Mtu akakipiga picha kile kibao, ikazunguka kwenye simu za watu mpaka Bura.

Jumanne ndipo akafika mama mmoja kutoka Bura, Morma, jina lake Barwako, juu ya pikipiki, na binti yake katikati yake na dereva. Binti anaitwa Kadra. Tangu amzike mtoto wake mchanga, Kadra hakuwa anasema, hakuwa analala, na chakula mpaka apelekewe mdomoni. Mama yake alikuwa amekiona kile kibao.

Nilikuwa uani napepeta mchele, nikawasikia na Ngala pale njiani.

"Mama, sisi hatupungi pepo," Ngala anamwambia. "Ni upepo. Hewa ya mtoni. Pale imekosekana U."

"U ndio nini?"

"Ni herufi, mama."

"Sasa mimi nimetoka Bura, mgongo yote inauma, nimeletwa na herufi ambayo haiko?"

Yule mama akamtazama binti yake aliyesimama kama kigingi, akasema, "Haya. Kama ya pepo hakuna, hata hiyo upepo lete. Mimi sirudi hivi hivi."

Mitumbwi miwili ilikuwa imeshatoka na wenzake, umebaki mmoja, na wa kuuendesha ni Ngala peke yake. Akamwambia ukweli, kwamba yeye haruhusiwi majini, mama yake hajampa radhi. Kumbe amemwelekeza kwangu kwa kidole! Barwako akaingia uani kwangu, hodi anapiga akiwa ameshafika kwenye jiko.

"Wewe ndio mama ya huyu kijana?"

"Ni mimi. Karibu, keti."

"Sikai. Wewe una mtoto unaogopa, mimi nina mtoto naogopa. Yako anaongea. Yangu haongei. Tufanye nini?"

Nilimtazama Kadra. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake, hana umri wa kumshinda Teresia wako kwa mengi. Nikaweka ungo chini. Nikamwambia Ngala, "Radhi sijakupa, usije ukasema nimekupa. Lakini utawapeleka, na mimi nimo humo. Kama ni kuzama tuzame sote."

Ngala akanivisha zile jaketi za kuelea, rangi ya chungwa, akanifunga mikanda mpaka kidevuni kama nilivyokuwa nikimfunga kofia ya baridi alipokuwa mdogo. Barwako akakataa kuvaa, akasema imembana pumzi. Ngala akamwambia, "Bila jaketi mtumbwi hauondoki, mama." Akavaa, ananung'unika Kiorma, mimi sikuelewa na nadhani ilikuwa heri.

Sikuwa nimekanyaga mtumbwi tangu Kiti. Niliketi kinyume, mgongo wangu mbele tunakokwenda, uso kwa Ngala aliyesimama nyuma na pondo lake. Mto sikutaka kuuona. Nilitaka kumwona yeye. Basi kila alipoinua mikono nashika ubavu wa mtumbwi, kila alipoinama nashika. Ananiambia, "Mayo, acha, unatuyumbisha." Mimi! Ndiye ninayetuyumbisha!

Tulipofika mbali kidogo niliinua macho, nikaiona nyumba yetu. Gladys, miaka yote hii nimekaa kando ya mto na sikujua twaonekana vipi kutoka majini. Moshi wa jiko langu umepanda wima. Migomba imeinama kunywa. Ule upande wa paa niliouezeka unang'aa na ule wa zamani umekuwa mweusi. Nikafikiri, kumbe hiki ndicho wanachokuja kukitazama. Mimi huwa naona kazi tu pale, kuni, maji, panya. Sikuwahi kupewa nafasi ya kuiona kwa mbali.

Kwenye kona ambapo mto umepanuka, Ngala akaacha kusukuma. Akagonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, taratibu, akatuambia kwa sauti ndogo anawapigia hodi wenyewe ili wasishtuke. Na kweli vikaibuka vichwa, masikio yanapukuta maji. Walikuwa mbali, akawaacha huko huko, hakutupeleka karibu. Lakini mimi kinywa kilikuwa kimekauka hata ulimi wagota. Barwako alikuwa na chupa ya maji, akanipa. Nikajaza kinywa.

Hapo hapo kiboko mmoja ambaye hatukuwa tumemwona, upande wa matete, akapumua. PFUUU!

Nikayatoa maji yote. Mbele yangu alikuwa nani? Ngala. Yakamwingia kifuani, shati lote.

Ngala amesimama na pondo, maji yanamchuruzika. Akanitazama, kisha akainamisha kichwa vile wanavyoinamisha watoto wakipokea, akasema, "Asante, Mayo."

"Asante ya nini? Nimeshtuka!"

"Maji yameshafika, Mayo."

"Ngala, usinifanyie mchezo! Hiyo ni hofu, si radhi!"

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu. Ni Kadra. Alikuwa anacheka. Kicheko kidogo, kama mtu anayekohoa, kisha kikageuka kilio, akalia mpaka tunarudi bandarini kwetu. Nikataka kumnyamazisha, Barwako akanishika mkono. "Wacha. Hiyo ni ya kutoka."

Wakalala kwangu usiku ule. Kadra alianza kulala tangu alasiri, kwenye mkeka wangu, mdomo wazi. Sikuambii amepona, mimi si mganga, na nilimsihi Barwako ampeleke pia kwa daktari wa Hola, akakubali. Nakuambia tu kwamba alilala.

Tukiwa wawili jikoni nikamweleza Barwako habari ya Kiti, na ya Mama na yale maneno yake. Sijui kwa nini nilimweleza mgeni jambo ambalo wewe nilikuficha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtoto ya Kadra mimi niliomba dua usiku na mchana. Mungu akachukua. Sasa unataka niseme dua yangu ilikuwa mbaya? Niache kuombea mama yake?"

Nilimwongeza chai.

Toka hapo ikawa ni ubishi kijijini. Vijana wanasema maji ya kinywa cha mama yakimpata mwana kifuani yamempata, hayaulizwi yametokaje. Jirani yetu Mwanahamisi anasema si radhi hiyo, radhi ni nia, na nia ya Kadii ilikuwa kupiga mayowe. Wananicheka mpaka sokoni, "Mama Ngala, tutemee na sisi tupate kazi!" Ngala mwenyewe hakubishana tena. Lakini Ijumaa nilimwona analisugua pondo lake kwa mchanga, na nilijua kesho yake kuna kundi la walimu kutoka Malindi. Hakuniuliza. Angeniuliza ningekasirika, na kutoniuliza kwake kukaniuma zaidi.

Usiku nikawa nafikiri. Mama hakukosea neno, Gladys. Nataka tuliseme hili sisi wawili, maana yeye hakupata wa kumwambia. Hakukosea. Alimpa Kiti kilicho chake kumpa. Kilichobaki hakikuwa chake. Na mimi kumnyima Ngala sikumweka mbali na mto, alikuwa mtoni kila siku kwa macho. Nilimwacha tu aende bila neno la mama yake.

Jana asubuhi nikateremka mtoni. Walimu walikuwa wameshavaa jaketi zao, wanapigana picha. Ngala aliponiona akafikiri nimekuja kumzuia. Uso ukamshuka. Kisha akaona sina chupa wala kata, akashangaa.

Nikamwambia, "Maji ulishapata. Yalitoka bila maneno, na mimi sipendi kazi nusu. Simama."

Akasimama. Walimu wakashusha simu zao bila kuambiwa. Nikaweka kiganja kifuani pake nikasema, "Nenda, Ngala wa Kadii. Watu hawa wana mama zao, warudishe kwa mama zao. Mto ukikukataza, sikia. Wakikuharakisha, usisikie. Nami nimekuruhusu kwa kinywa changu, kikiwa kikavu, na sijashtuliwa na mtu."

Nikageuka nikapanda juu bila kutazama nyuma, maana ningetazama ningemwita.

Walirudi, wote, jua likiwa bado liko. Walimu wamechomwa pua, Ngala amepoteza sauti kwa kueleza habari za ndege. Lakini mdogo wangu, nataka ujue kwamba maneno yale niliyasema kabla sijajua kama watarudi.

Msalimie shemeji, na Teresia umwambie mama yake mkubwa hamjui tena, aje aonwe. Ngala anakusalimu, Mwanahamisi pia, na akina mama wa kanisani, ambao wameshanisamehe. Mungu akulinde na baridi hiyo, akupe kifua chepesi na usingizi usiokatika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye jana na leo,

Kadii