Saini ya Kaka

Jumatatu, 4 Novemba

Nimekwenda. Hatimaye! Amma, mama yangu, alidhani ni tumbo, nami nikamwacha adhani hivyo mpaka mlangoni kwa Daktari Nighat. Mji mzima wa Multan umefunikwa na moshi, macho yanawasha, kila mtu kavaa barakoa — kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuvuta mtandio mpaka puani ili nifiche kidevu. Moshi nao una faida zake.

Daktari ni mama wa makamo, mkali wa sura, mpole wa mikono. Akanipima, akanilaza kwenye altrasaundi, akauliza. Hedhi? Sijawahi kuiona. Umri? Ishirini. Sauti ilianza lini kuwa nzito? Nikiwa na kumi na nne. Amma akadakia kuwa ni mafua yasiyopona. Daktari akamwomba asubiri nje, kisha akaniambia taratibu: mfuko wa uzazi hakuna. Kuna vitu viwili kwenye kinena, huenda ni korodani ambazo hazijashuka. Huenda mimi ni huntha, mwenye maumbile ya pande mbili. Akasema si laana wala si maajabu, amewaona wengi, hasa kwenye koo kama zetu ambazo mabinamu huoana vizazi kwa vizazi.

Nikamwambia nisichowahi kumwambia mtu. Mimi ni mwanamume. Nataka upasuaji wa kunipeleka upande huo, kama upo. Akasema upo, wa aina kadhaa, na mwingine wala si wa lazima. Kwanza damu iende maabara Lahore. Majibu baada ya wiki mbili, tatu. Na hakuna atakayenigusa bila neno langu.

Hakuna atakayenigusa. Nimeyarudia maneno hayo njia nzima.

Jambo moja tu limeniudhi. Karani alitaka namba ya simu ya kupelekea majibu. Kabla sijafungua mdomo Amma akataja ya Kaka Ghazanfar. Kwa Amma, karatasi isiyo na namba ya mwanamume ni karatasi isiyo na mwenyewe. Nikamwambia karani afute, aandike yangu. Akasema ameshaandika kwa wino.

Jumatano, 6 Novemba

Shule zimefungwa kwa sababu ya moshi. Wanafunzi wangu wa hesabu lazima wanashangilia. Niko nyumbani na Kausar, mke wa kaka, mimba ya miezi saba, mdomo haupumziki. Alikuwa jikoni anachagua mchele, akaita, "Wifi, njoo uninyanyulie hiki kitu." Nikajibu: nakuja.

Nakuja ya kiume! Kwa lugha yetu mwisho wa neno ndio unaokutaja wewe ni nani. Mwanamke anakuja kivyake, mwanamume kivyake. Miaka yote hii nimejichunga, hata ndotoni. Leo limenitoka kama chafya.

Nikasimama mlangoni. Kausar kaacha mchele. Kaniangalia kutoka juu mpaka chini, bila haraka. Halafu:

"Haya, njoo basi, shemeji."

Si wifi. Shemeji — anavyoitwa mdogo wa kiume wa mume. Nikacheka, mara nikalia. Akasema, "Usinililie kwenye mchele, mawe yaliyomo yananitosha."

Nimemweleza yote. Akausogeza mchele kando, akakaa chini. Yeye aliletwa hapa kwa kubadilishana: yeye kwa kaka yangu, mimi kwa kaka yake Mujtaba. Dada kwa dada, na neno limeshatolewa mbele ya wazee. Nisipokwenda, watu wake watakuja kumchukua. Mtoto atabaki kwa baba yake. Shangazi yake yalimkuta hayohayo, na mpaka leo mwanawe anamwona kwenye misiba tu.

"Majibu lini?" akaniuliza. Nikamwambia. "Basi tucheke mpaka hapo," akasema. Lakini hakucheka.

Jumapili, 10 Novemba

Mama yake Kausar amekuja na masanduku ya halua. Harusi Ijumaa, tarehe 20 Desemba. Akanishika kidevu, akasema mbona ngozi ya bibi harusi imekauka hivi, nipakwe manjano na malai ya maziwa. Nilikuwa nimenyoa alfajiri. Amma akaangalia ukuta.

Amma anajua. Nadhani alijua tangu aliponishika mara ya kwanza nikiwa mchanga. Namhurumia na nina hasira naye, yote mawili kwa pamoja, na sijui niweke wapi.

Ijumaa, 22 Novemba

Ghazanfar kaninunulia makomamanga. Karudi nayo kutoka msikitini, kakaa chini, kanimenyea kwa mikono yake, punje baada ya punje. Huyu ni kaka ambaye hajawahi kunipa hata maji. Alinitazama nikila.

Alipotoka nikampigia Daktari Nighat. Akashangaa: majibu yalitumwa tangu Jumanne, kwenye namba iliyoandikwa! Akanisomea. Kromosomu ni za kiume. Akasema nina haki ya kuamua polepole. Niende kwake Jumanne tukae tuzungumze, kuna mpasuaji mzuri Lahore anayemwamini.

Za kiume. Nilitaka kupanda juu ya paa nipige kelele. Sikupanda. Ghazanfar anajua tangu Jumanne, na siku zote hizi ameniamkia kwa upole. Naogopa upole wake kuliko nilivyowahi kuogopa makofi yake.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo kasema. Tena kwa sauti ya asali.

"Mdogo wangu, mbona ulinificha? Ungesema tu kama unataka operesheni. Mimi si kaka yako?"

Ameshapanga. Jumatatu asubuhi, hospitali ndogo ya binafsi, ile ya juu ya duka la vigae. Majirani wataambiwa henia.

Nikauliza operesheni gani. Ya kukurekebisha, akasema. Kunirekebisha kuelekea wapi? Akacheka. "Kuelekea afya. Maswali ya mwalimu hayo."

Amma alikuwa anakunja nguo. Shati moja kalikunja, kalikunjua, kalikunja tena. Simu yangu kaichukua Ghazanfar, eti chaji yake inasumbua, ataipeleka kwa fundi. Lango kalifunga kwa kufuli, eti wezi.

Kuna kipande cha mjinga ndani yangu ambacho bado kinataka kumwamini.

Jumatatu, 25 Novemba

Niko kitandani, hospitali. Daftari nililificha kiunoni. Sijala tangu jana magharibi, ndiyo amri. Wamenivalisha gauni, wamenichoma sindano ya njia ya maji mkononi.

Nesi aliacha fomu miguuni pangu. Kiingereza changu ni cha mwalimu wa hesabu, lakini kimetosha. Mgonjwa: wa kike. Korodani zote mbili zitolewe. Sehemu za nje zitengenezwe za kike, kwa ajili ya ndoa. Wameandika hivyo, ndoa, kama jina la ugonjwa. Kwa mlezi kuna saini ya Ghazanfar. Kwa mgonjwa kuna dole gumba la wino wa buluu.

Dole gumba! Mimi mwalimu, ninayeandika ubaoni kila siku! Nikamwambia nesi hilo si langu, kidole changu kisafi, tazama. Akasema kaka yako ametueleza hujui kusoma. Nikamsomea fomu yake kwa sauti mpaka chini. Akaichukua na kutoka. Mpasuaji akapita, nikamwambia sitaki. Akanipigapiga begani: wote huogopa. Kiti cha Ghazanfar kimewekwa mlangoni kabisa, namwona kisogo. Mtu wa dawa ya usingizi amecheleweshwa na moshi barabarani. Nusu saa, wanasema.

Kausar kaingia sasa hivi. Kaomba ruhusa ya kuniombea dua, wamempa, nani atamkatalia mwenye tumbo lile. Kafunga mlango kwa mgongo. Kutoka chini ya shali katoa kitu kimefungwa gazeti. Chapati ya samli na yai ndani, bado ya moto.

"Kula."

Nikamwambia wamekataza. Mwenye chakula tumboni hawamlazi kwa dawa, anaweza kutapika akafa.

"Najua. Nimemuuliza nesi mara mbili. Kula yote, halafu uwaambie umekula." Kampigia Daktari Nighat kwa simu ya jirani. Yuko njiani, ila barabara haionekani, hajui atafika lini.

Nikamuuliza, na wewe? Wakija kukuchukua? Na mtoto?

Kakata kipande, kanitia mkononi, mkono wake wa pili uko juu ya tumbo.

Nimefika nusu. Naandika ili nisimtazame, maana nikimtazama nitaacha kula. Ghazanfar anagonga, anauliza mbona kimya humo ndani. Kausar anamjibu, sauti ya kila siku, kwamba tunasoma dua. Anakata kipande kingine. Natafuna.