Bibi wa Ndoo na Hotuba Ndefu

Shangazi Rehema, shikamoo. Vumbi la huku Issuna limenila mpaka meno.

Mheshimiwa alizindua bomba la maji kwa hotuba ya masaa mawili, na daftari langu likabaki tupu. Nikamgeukia bibi aliyekuwa akijaza ndoo, nikamuuliza maoni yake. Akaendelea kujaza ndoo yake. Nikakumbuka kumwamkia.

"Marahaba," akasema. "Maji yamekuja na mheshimiwa, nachota kabla hajaondoka."

Gazeti letu liliweka maneno hayo juu kabisa. Hotuba ikapata mstari mmoja mwishoni. Leo siku ya nne, hakuna aliyethubutu kuyafunga maji yale.

Bibi kasomewa gazeti, kauliza tu nani alinilea bila adabu. Sikukutaja, Shangazi, mwandishi hulinda watu wake. Nakuletea mafuta ya alizeti.

Wako, Juma